Koti la Picha za Viza

Chumba tunakigawana: mimi na mashine yangu ya kutoa kopi mlangoni, mzee mpiga picha na shuka lake jeupe kule ndani. Ana koti moja jeusi la kuwaazima wanaoomba viza ya masomo. Mgongoni limechanika, ila picha haioni mgongo. "Koti hili limeshafika vyuo vingi," huwaambia, "mimi mwenyewe sijavuka hata mto." Huwanyoosha kola kwa vidole viwili, huwainua kidevu kama kinyozi, kisha husema yale yale kila siku: "Usitabasamu, mwanangu. Ubalozini hawataki meno." Hapo ndipo wanapocheka, na yeye husubiri wamalize.

Picha ikizidi miezi sita haipokelewi, kwa hiyo walionyimwa viza hurudi kwake. Yeye hawaulizi kitu. Binti mmoja aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi alikuja kwanza na mama yake na shangazi wawili, mara ya pili na mama yake tu. Jana alikuja peke yake. Alilitungua koti msumarini mwenyewe, akalivaa, akakaa, akainua kidevu. Mzee alifungua mdomo aseme maneno yake, akamtazama, akaufunga. Akapiga picha. Kisha akasema taratibu, "Sasa tabasamu kidogo, mwanangu. Hii si ya kupeleka."

Nikaendelea kutoa kopi za barua ya chuo ya yule binti, kurasa zote kumi na mbili. Mpaka ukurasa wa mwisho unatoka, kamera ilikuwa haijalia tena.