Mume Wangu Alitubu kwa Watu Wote Isipokuwa Mimi

(Msomaji huyu ameomba jina lake lisitokee. Tumeliondoa, na jina la mtoto wake tumelibadilisha.)

Hamjambo wasomaji. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, nimeolewa hapa Makueni tangu mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka ishirini. Mume wangu ni mwinjilisti, na pengine wengi wenu mmewahi kulia mkimsikiliza. Mimi silii. Mimi ndiye niliyepigwa.

Zamani alikuwa mlevi wa kaluvu, na siku moja alinivunja mkono kwa mchi kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Halafu akaokoka, na pombe akaiacha kweli, hilo simnyimi. Lakini huo mkono wangu akaugeuza mahubiri. Kila mkutano anasimulia jinsi alivyokuwa mnyama, sauti inamtetemeka pale pale ilipotetemeka juzi, kisha anasema, "Mama Mutuku, simama watu wakuone." Nasimama, nainua mkono, natabasamu. Watu wanapiga makofi na vigelegele.

Na mjue huyu ni Mkamba anayewahubiria Wakamba, lakini lazima ahubiri kwa Kiswahili na pembeni awe na mkalimani wa kumtafsiria kwa Kikamba. Huku kwetu mwinjilisti asiye na mkalimani huonekana mdogo. Nyumbani hata chumvi haombi kwa Kiswahili.

Mwaka jana tulikuwa na mkutano Nuu. Alisema kwa Kiswahili chake cha jukwaani kwamba mke wake amemsamehe, na maneno yakanipita kama kawaida. Mkalimani wa siku hiyo, mzee mmoja wa pale, akayarudia kwa Kikamba polepole, kama anayeongea na jirani. Nilishtuka. Kwa lugha ya mama yangu nilisikia kwamba nimesamehe, nikajiuliza nilisema lini. Kabla sijapata jibu, mwili ukasimama. Mkono ukapanda, meno yakatoka. Ndipo nikamwona vizuri huyo mwanamke anayesimama kwa mwili wangu, na kitambaa chake cheupe, kichwa amekiinamisha upande ili aonekane mnyenyekevu. Mimi nilikuwa nimebaki nimekaa, namtazama.

Tangu hapo namchunguza. Sokoni anasema "Bwana asifiwe" kabla hajajua anamwambia nani. Akisifiwa uvumilivu, anakohoa kidogo. Kitambaa anakikaza kabla hata hajaitwa, mjinga huyo. Namdharau kuliko ninavyomdharau mume wangu, maana mume wangu angalau hurudi na mbuzi wa sadaka. Nikipiga magoti, ndiye anayeanza kuomba, tena kwa maneno ya mume wangu. Inabidi ningoje amalize ndipo nami nimwambie Mungu langu, na huwa ni fupi.

Nilimuuliza mume wangu kama amewahi kuniomba msamaha mimi. Aliacha kula akanitazama kana kwamba ameulizwa na ng'ombe.

"Si nilitubu mbele ya watu wote?" akasema. "Sasa wewe unataka yako peke yako kama nani?"

Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa Matiliku, na wahubiri wengine wanatoka Nairobi. Safari hii nitapewa kipaza sauti niseme mwenyewe kwamba nimesamehe. Amenifanyisha mazoezi jikoni, akanionyesha hata pa kunyamaza ili watu walie. Nikisema ukweli, kazi yake imekwisha, na wanangu wanasomeshwa na hao hao wanaompigia vigelegele. Nikisema alivyonifundisha, naogopa yule anayebaki amekaa atachoka na mimi aende zake. Nitakuwa huyu wa kitambaa mpaka kaburini.

Tafadhali msiniandikie kwamba nisamehe. Huyo anayesimama ameshasamehe kuanzia Tseikuru hadi huku, na atasamehe tena akiamriwa. Mimi ninayewaandikia ndiye ambaye sijaombwa msamaha. Nishaurini, ndugu zangu: nikishika hicho kipaza sauti, ni nani kati yetu wawili aongee?