Friji ya Bi Harusi

Kwetu Pate, nyumba ikijiwa na mgeni mkubwa, watu huazimana. Sinia hutoka nyumba hii, mkeka mzuri nyumba ile, na mgeni akiondoka kila kitu hurudi kwao. Sisi hatusemi huo ni udanganyifu. Ni kusitiriana, nami nimeazima mara nyingi. Kwa hiyo sikushangaa msimamizi wa kituo chetu cha afya aliponiambia kwamba maabara yangu itaazimiwa friji.

Yetu ilikuwa imechoka. Mchana ilipoa, usiku umeme wa sola ukipungua ikapata joto, na humo ndimo zilimokaa dawa za kupimia figo na ini. Dawa hizo zikipata joto hazinuki wala hazibadiliki rangi. Hutoa jibu kama kawaida, ila jibu lenyewe ni la uongo. Nilikuwa nimeomba friji nyingine mpaka nikachoka kuomba.

Mkaguzi wa ithibati alikuwa njiani. Nieleze kidogo, maana hata wenzangu walimdhania mtu wa serikali. Sheria za maabara ni za serikali, lakini serikali haiwezi kuchungulia kila maabara ya kila kisiwa. Hutegemea shirika la kando, lisilo letu wala lake, lije litazame kazi yetu. Likitupa ithibati, serikali huichukua kuwa ushahidi kwamba sheria tunazifuata. Basi mkaguzi ni shahidi. Ukimwonyesha kitu cha kuazima, atashuhudia nini?

Friji ililetwa na hamali wawili, kitambaa cha kufuma kikiwa bado juu yake. Ilikuwa ya binti wa jirani yangu, aliyeolewa karibuni. Jirani mwenyewe aliifuata nyuma.

"Siku moya tu, mwanangu," aliniambia. "Ila msitie damu za watu. Bi harusi hajatia hata mai ya kunywa."

"Haitatiwa kitu, Bi. Inarudi sasa hivi."

Msimamizi akacheka. "Wataka tufungiwe? Watu wapande boti bandarini Mtangawanda mpaka hospitali ya Amu kwa kipimo cha figo?"

"Heri boti, Bwana. Huko watapata jibu la kweli."

"Utauaibisha mui wetu mzima," akasema jirani.

Nilimvuta kando. "Bi, majibu ya figo ya mumeo nimeyazuia. Siyaamini. Tukimficha mkaguzi friji yetu mbovu, mzee ataendelea kupimwa kwa dawa zilizoharibika, na karatasi ukutani itasema tuko sawa."

Aliitazama friji yetu yenye kutu. Kisha akawageukia hamali. "Bebani. Turudi."

Mkaguzi alipofika, nilimpeleka kwenye ile friji kabla hajakaa. Aliweka kipimajoto chake ndani, akakiacha hadi asubuhi. Vipimo vya malaria na vinginevyo akavipitisha. Vya figo na ini akavisimamisha mpaka tupate friji inayofaa. Jirani akampeleka mumewe Amu kwa boti.

Nilibandika karatasi mlangoni: *Kipimo cha figo na ini hakifanyiki hapa kwa sasa.* Msimamizi, ambaye si mtu mbaya, aliona tunajitangazia aibu, akaibandua. Nikaandika nyingine, kwa herufi kubwa zaidi. Hiyo nayo akaibandua.

Friji mpya haijaja bado. Tangazo lipo mlangoni. La leo nimelibandika asubuhi.