Dirisha la Miwani

Bibi Programu, kama manesi walivyomwita, alikuwa fundi wa programu ya zahanati kwa miaka ishirini na sita, na kosa lake kubwa kuliko yote alilifanya kwa nia njema. Programu ilikuwa imezeeka, inajikongoja. Ili ajue inakwama wapi, alikivika kila kitendakazi, yaani kila kipande cha programu kinachofanya kazi moja, gamba, yaani kifuniko cha programu cha kupima muda. Muda ukapimika kweli. Ila kesho yake ukurasa wa msaada, ambao hujiandika wenyewe kwa kusoma jina na maelezo ya kila kitendakazi, sasa ulisoma magamba tu, ukaonyesha maneno yaleyale mara mia mbili: "Gamba. Hupima muda."

Manesi wakapiga simu, wanamtaka Miwani wao. Huyo ndiye fundi aliyemfundisha kazi Bibi Programu, marehemu sasa, mzee mwenye ulimi wa pilipili, na maelezo yote aliyaandika yeye. "Mpime mtoto kwanza. Ukikisia uzito, mimi simo." Walikuwa wakiyasoma huku wanacheka, na dozi hawakosei. Mkuu wa ofisi akasema isiwe taabu, aandike mapya, mafupi, kabla ya jioni. Bibi Programu alikubali shingo upande. Kumfuta Miwani kwa mkono wake mwenyewe kulimuuma.

Akatupa jicho kwenye rafu. Kitabu cha mzee kilikuwa palepale, kimevikwa karatasi ya kaki. Vitabu vyote mzee alivivika hivyo, lakini mbele ya kila karatasi alikata dirisha dogo ili jina lionekane. Siku Bibi Programu, binti mbichi wa meza ya pili wakati huo, alipovika kimoja bila dirisha, mzee alimrudishia kitabu, mkasi juu yake.

Na sasa amevika mia mbili bila dirisha! Akalifungua gamba, akaongeza mstari mmoja tu: chukua jina na maelezo ya unachokifunika, uyaonyeshe kama yalivyo.

Kabla ya saa sita simu ikalia. Alikuwa nesi mgeni wa chumba cha chanjo.

"Miwani amerudi," alisema. "Ila hapa kwenye ratiba ya chanjo ameandika, 'Hiki kaandika binti wa meza ya pili. Kiko sawa, msikiguse.' Binti gani huyo?"

Miwani hakuwahi kumsifu kwa mdomo hata siku moja. Sentensi ile alikuwa ameisoma mara nyingi peke yake, lakini hakuwahi kuisikia ikisemwa. Akavua miwani yake, akapangusa macho.

"Ni mimi, mwanangu," akasema.