Simu Isiyoaminika ya Mama

Simu ya mama ilijisasisha yenyewe alfajiri, bila hata hodi, na kulipokucha mama akawa kiziwi tena.

Mama yangu anaishi Igowole. Ana kishamba cha chai na shamba la mipaini aliloachiwa na baba, na masikio yake yalishachoka. Kifaa cha kusikia cha hospitali kilimpigia mluzi mpaka akakitupa kwenye kapu la vitunguu. Kilichomfaa ni programu ya simu aliyoitengeneza fundi mmoja wa Mbeya: simu inanasa sauti za watu, inazikuza, inampelekea kwenye hedifoni. Bila hiyo hasikii neno, na asiposikia anafanya kama walivyolelewa wanawake wa rika lake. Anaitikia kwa kichwa, "ehee, ehee," asije akamvunjia mtu heshima.

Mama akanitumia simu kwa basi, na kwenye kioo paliandikwa: kwa usalama wako, programu hii imezuiwa, mtengenezaji wake hatambuliki. Kwa usalama wako! Hatambuliki na nani? Mimi namtambua, nimekunywa chai kwake. Nikapiga huduma kwa wateja, wakanichezea muziki weee, mwisho dada mmoja mwenye sauti ya asali akaniambia mteja alishakubali masharti.

"Mteja gani? Mama yangu?"

"Siku ya kwanza alibonyeza Kubali, dada."

Alibonyeza, ndiyo. Nani hajabonyeza? Ukikataa, simu haiwaki.

Labda ningelalamika tu kisha nikanyamaza, lakini Jumamosi iliyofuata kulikuwa na kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepata mnunuzi wa mbao, akataka kufyeka mipaini yote, hata ile michanga ambayo mama anaitunza iwe akiba ya uzee wake. Na alishatangaza kwenye kundi letu la familia: "Nimeongea na mama, amekubali." Mh! Nikajua papo hapo alikubalije. Kaka aliongea, mama akaitikia kwa kichwa. Kikao kikipita mama hasikii, misumeno inaingia shambani, na mti ukishalala huusimamishi tena.

Mimi nina duka la vitenge Kihesa. Nikalifunga, nikashuka mjini Iringa kwa muuza simu.

"Nunua mpya tu, dada yangu."

"Mpya itaikubali programu hii?"

Akacheka. "Mpya ndiyo mnoko zaidi!"

Angalau huyo alisema ukweli. Nikapanda basi la Mbeya kwenda kwa fundi mwenyewe.

Fundi naye ana maneno. "Simu hii hamjainunua, dada, mmepangishwa," akaanza, akahubiri uhuru kuliko mgombea ubunge, huku mimi nikiangalia saa ya basi la kurudi. Ila mikono yake ilikuwa kazini. Aliufuta mfumo wote uliokuja na simu akaweka mwingine, unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure, usioulizia kitambulisho cha mtengenezaji. Programu ya mama ikaingia bila ubishi. Nilitaka kumkumbatia.

"Ila," akasema. Mafundi bwana, hawakosi ila. Programu ya benki imegoma, inadai simu si salama, kwa hiyo mama atarudi kubonyeza namba za nyota na reli kama zamani. Na kila simu ikiwashwa itatoa onyo kwamba haiaminiki. Onyo hilo limewekwa kiwandani, halifutiki. Nikasonya mpaka mteja wa pembeni akageuka. Yaani mwenye nyumba umemhama, bado anakuandikia ukutani!

Jumamosi, Igowole ilikuwa na ukungu wa kukata kwa panga. Tulikaa sebuleni kwa mama, wajomba na shangazi kwenye makochi, mama kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. "Kamwene," tukasalimiana, chai ikapita. Mama akatoa simu kifuani akaiwasha. Kaka akachungulia, akasoma kwa sauti: "Kifaa hiki hakiaminiki!" Akaangua kicheko. "Mama, simu gani hii, yenyewe inajitangaza!"

Watu wakacheka. Mama, ambaye alikuwa bado hajasikia kitu, akaitikia kwa kichwa.

Nilikasirika, lakini nikamchomekea hedifoni polepole, nikamvutia mtandio juu yake. Kaka akakohoa kama mchungaji.

"Basi, wazee wangu, habari ya shamba haina mjadala. Mama nilimweleza yote, akakubali mwenyewe."

"Nimekubali nini?" mama akauliza.

Shangazi akashusha kikombe. Kaka akamgeukia.

"Si... kukata miti, mama. Nilikuuliza, ukaitikia."

"Nilikuitikia kwa adabu, baba. Nilikuwa naona midomo tu inacheza." Akawageukia wajomba. "Miti yangu haikatwi. Nani mwingine ana neno? Leo nasikia."

Wajomba wakarudi kwenye chai yao. Nilitamani kupiga kigelegele, nikajizuia, nikachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Kaka ndiye hakukubali kushindwa.

"Mama, hiyo simu inakudanganya! Si umeona imeandika yenyewe kwamba haiaminiki?"

Mama akamtazama mwanawe wa kwanza, akarekebisha hedifoni.

"Yenyewe angalau imeandika."