Midomo Minne ya Gari Jekundu

Fyuuu. Sauti nyembamba, kama ya mtu anayevuta chai ya moto huku akiogopa kuungua ulimi. Niliisikia kwa sikio la kulia, kupitia kipande cha mpira chenye urefu wa mkono wangu, na hadi leo nikinyamaza vizuri naisikia. Ilikuwa hewa ikiingia kwenye kabureta ya gari la Kiitaliano, gari jekundu la watu wawili, lililolala kwenye gereji ya baba pale mtaani Buyenzi miaka ya vita.

Gari lile lilikuwa na kabureta mbili, na kila kabureta ilikuwa na midomo miwili. Baba alisema magari mengine yanakula sinia moja, lakini hili kila mtoto ana sahani yake, na mmoja akipata kuliko wenzake nyumba haikaliki. Kazi ya fundi ni kuifanya midomo yote minne ivute hewa sawasawa. Nasikia huko lilikotoka walikuwa na kipimo chake cha kioo. Baba alikuwa na mpira. Unaweka ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza, unahamia mdomo wa pili, unageuza skurubu kidogo tu, unarudi kusikiliza tena. Mpaka yote minne iseme neno moja.

Jioni, kabla ya kufunga, aliiziba midomo ile kwa vitambaa vinne safi, kwa sababu nyigu walipenda kujenga vyumba vyao vya udongo mle ndani. Asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvitoa. Nilimaliza darasa la sita nikakosa nafasi ya kuendelea, basi nikawa mtu wa gereji. Sikuona ubaya. Nilipokuwa nikivitoa vile vitambaa nilijiona nimefunga kimoja kichwani, naendesha kwenda Rumonge, ziwa liko kulia, na watu wa njiani wanaulizana huyu ni binti wa nani. Barabara ya Rumonge wakati ule watu walikuwa wanavamiwa, lakini ndani ya kichwa changu ilikuwa wazi kila siku.

Mwenye gari alikuwa mzee wa Kiitaliano aliyekaa Kinindo. Alikuja zamani kujenga barabara, akazeekea hapa, na hapa ndipo alipomzika mke wake. Walipokuwa wawili, kila Jumapili walikuwa wanakwenda Kajaga ufukweni na gari lile kula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma. Tangu mke afe hakuliendesha tena. Halafu siku moja akalileta kwa kamba, likivutwa na kamioneti, gari dogo la mizigo, akamwambia baba kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata, "Fundi, hii gari iende Kajaga mara moja. Nyuma ya ile mi narudi kwetu. Watoto wananiita."

Baba akakubali kabla mzee hajamaliza kusema. Sababu yake naijua, maana aliihadithia mara nyingi. Akiwa kijana anajifunza ufundi, aliliona gari lile lile likipita mjini, na alisimama na spana mkononi mpaka sauti yake ikapotea kabisa upande wa ziwani. Alisema halingurumi, linaimba. Tangu siku hiyo alitaka kuisikia tena, ikitoka kwenye mkono wake mwenyewe. Hakutaka kitu kingine kwenye kazi hii.

Alipokwisha kuifungua injini, nchi jirani zikatufungia mipaka. Hakikuingia kipuri wala mafuta. Gasketi ndogo alizikata kwa makasi ya mama kutoka kwenye boksi la sabuni. Ile kubwa ya shaba aliipasha moto mpaka ikaiva nyekundu, akaitumbukiza majini ili ilainike, akairudisha mahali pake. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, alikuwa anakuja kuchungulia.

"Bado tu muna kaa na hii mayiti?" anauliza.

"Haiyakufa," baba anamjibu. "Iko nalala."

"Basi iamshe, tuone kama itaomba chai."

Halafu baba akaenda soko kuu kutafuta waya wa betri. Mtu akarusha guruneti pale kwenye kituo cha basi. Waliokufa walikuwa wengi, na mmoja alikuwa muuza mayai tuliyemfahamu. Baba alirudi kwa miguu, waya wake mkononi, damu imekauka shingoni, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kuusafisha ule waya. Mama akamwita, hakugeuka. Akamwita tena. Nilipomshika bega ndipo akaniangalia, akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa sana, "Mbona nyumba imenyamaza?"

Hospitali walimchungulia masikio yote mawili. Daktari alisema na mama, mama akalia, na baba akatusoma nyuso zetu.

Hakutaka wateja wajue. Mtu akimsemesha, anainama ndani ya boneti kama aliye na kazi nyingi. Yule jirani akaanza kumtania: "Fundi siku hizi umepata cheo, haujibu tena watu." Mimi nilicheka kwa ajili ya baba, maana yeye hakujua kama kuna la kuchekea.

Siku moja injini ikawaka kwa mara ya kwanza, kwa petroli ya magendo. Baba akauchukua mpira, akauweka sikioni, akausogeza kwenye mdomo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akageuza skurubu. Injini ikaanza kukohoa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akageuza zaidi, nayo ikakohoa zaidi, mpaka jirani akaja kusimama mlangoni. Nikaizima. Baba aliuona mkono wangu kwenye ufunguo. Alikaa chini, ameushika ule mpira kwa mikono miwili.

Baadaye akanipa.

"Chukua, mama," akaniambia. Alikuwa ananiita mama tangu nikiwa mdogo. "Sikia, unionyeshe na vidole."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nasikiliza, naonyesha kidole cha mdomo, kisha napandisha au nashusha kiganja: unavuta sana, unavuta kidogo. Yeye anashika bisibisi. Mwanzoni midomo yote ilinisemea kelele moja. Polepole nikaanza kuitofautisha. Wa tatu alikuwa na uroho. Wa kwanza alikuwa mvivu mpaka apate joto. Nilifurahi sana siku zile, na naona aibu kusema hivyo, kwa sababu mjini watu walikuwa wanazika. Lakini nilikuwa na baba yangu siku nzima, vichwa vyetu vimegusana juu ya injini, na usoni mwake kulikuwa na tumaini ambalo nilidhani ni la gari.

Siku moja ndipo akanieleza. Akaipiga boneti kofi dogo. "Hii iko na sauti kubwa. Si kama motokari zingine. Ikipata njia ndefu, ikivuta yote, nitaisikia. Kidogo tu, lakini nitaisikia."

Niliuweka mpira sikioni. Nikarudi kwenye mdomo wa tatu.

Ikafika siku ambayo midomo yote minne ilisema neno moja. Nikainua mkono, kiganja kimetulia. Baba akaweka bisibisi chini. Mzee akatumiwa habari, akaja asubuhi amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'aa. Akaiwasha injini, akakanyaga mafuta, na gereji yote ikatetemeka. Hata jirani akazima mashine yake. "Kumbe ilikuwa inalala kweli," akasema.

Mzee akamfungulia baba mlango wa pili. Viti vilikuwa viwili tu, basi mimi nikabaki barabarani. Nilisimama nikasikiliza likielekea upande wa Kajaga, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lilikuwa linaimba. Nawaambia kweli, lilikuwa linaimba. Watoto waliacha kucheza mpira. Nilisimama mpaka sauti ikapotea.

Walirudi jioni, kabla askari hawajafunga barabara. Mzee alikuwa amelia, macho mekundu, harufu ya samaki kwenye shati. Alimshika baba mikono yote miwili, akaenda zake Kinindo na gari lake, ambalo lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe mpya, mfanyabiashara wa kahawa. Hatukuwaona tena, mzee wala gari.

Nikamtazama baba usoni. Alijua ninachouliza.

"Mugongo umesikia," akasema. "Na miguu. Ilikuwa inatetemeka vizuri sana." Kisha akaligusa sikio lake. "Masikio, apana."

Aliketi kwenye kiti chake, akageuka kuniangalia mdomo.

"Basi we niambie. Ilikuwa inaimba namna gani?"

"Vizuri, baba."

Aliyasoma maneno yale mdomoni mwangu na akaendelea kuniangalia. Alikuwa anangoja mengine. Nilifungua mdomo, nikatafuta, sikupata. Darasa la sita halikunifundisha, na sidhani kama yako madarasa yanayofundisha. Baada ya muda akanipapasa kichwa, akaanza kufuta spana moja moja.

Kesho yake alipokwenda kuswali, nilifungua gereji mwenyewe. Sakafuni palibaki doa la oili, na kwenye msumari vitambaa vinne. Nilichukua ule mpira, nikakaa pale gari lilipokuwa. Ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine midomoni mwangu. Nikavuta hewa taratibu. Sauti iliyokuja haikuwa ile ya gari. Nikabana midomo zaidi, nikavuta tena.