Hema Juu ya Pikapu ya Taratibu

Jina la Taratibu tulimpa sisi mafundi wenzake. Sikumbuki nani alianza, ingawa wengi hunisingizia mimi. Kazi yake ilikuwa kufunga mahema juu ya pikapu, yale yanayokunjwa yakawa kama sanduku. Ukifika uendako unalifungua, unateremsha ngazi, unapanda kulala juu ya gari lako. Mimi hushona viti vya magari na magodoro ya mahema hayo. Karakana zetu zilitenganishwa na ukuta wa mabati tu, na kwa miaka kumi na saba nilimcheka kila siku ya kazi.

Kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza asubuhi moja, yeye aliifanya siku tatu. Kwanza hema lipandishwe kwenye mizani. Halafu aulize keria, ile fremu ya chuma inayoshika hema, inaweza kubeba kilo ngapi gari likiwa linakimbia, kwa sababu gari lililosimama hubeba watu wazima wawili huko juu bila taabu, lakini kwenye kona na mashimo hata hema tupu linaweza kung'oka na vyuma vyake. Halafu bolti nane, kila moja na washa yake pana, kile kisahani cha chuma chini ya nati, na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo. Mwisho alichukua brashi ndogo akachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mwenye gari aliambiwa aende kilomita hamsini, arudi. Mstari ukiwa umekatika, nati imesogea, inakazwa upya. Kabla ya hapo hapandi mtu, hata awe waziri.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alifunga hema moja harakaharaka, likachomoka barabarani na kuangukia mbele ya basi. Hakuumia mtu, lakini aliniambia kuwa mlio wa zile breki bado anausikia. Nami, kwa roho yangu mbaya, nilimwambia aende akasafishe masikio.

Mke wake, ambaye nilimwita shemeji kwa ujirani, alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka ishirini na mbili. Mashuka ya ghorofa ya nne, ya tano, ya sita, na yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata ghorofa ya kwanza. Waliishi nyuma ya karakana, vyumba viwili, dirisha la chumbani likitazama ukuta. Ugonjwa wa tumbo ulipomlemea, daktari akasema hakuna la kufanya zaidi, arudishwe nyumbani apumzike, shemeji aliomba kitu kimoja tu. Alitaka alale mara moja juu, ndani ya hema, kwenye pikapu yao wenyewe, na akiamka aone mapaa ya watu badala ya ukuta.

Taratibu aliianza kazi siku hiyohiyo. Mimi nilishona godoro laini kuliko yote niliyowahi kushona, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umebaki mifupa. Jumatatu jioni mstari wa nane ulichorwa. Pikapu ilisimama uani, hema limefunguliwa lipigwe na upepo, ngazi imeteremshwa.

Jumanne mchana shemeji alitoka nje akishikilia ukuta. Alitembea hatua tano, akapumzika, akatembea nyingine tano, mpaka akaishika ngazi.

"Nipandishe," alimwambia mumewe.

"Bado halijatembea, mama," Taratibu akasema. "Jumamosi binti yetu anakuja kukaa na wewe. Nitalipeleka barabarani, nikirudi nakagua nati, unapanda."

"Mimi sitaki litembee. Nataka kulala tu, hapahapa uani."

"Jumamosi si mbali."

"Nina kilo arobaini na moja, wamenipima juzi. Wewe si unasema linabeba watu wazima wawili?"

Taratibu aliangalia ngazi, akamwangalia miguu. Nilimwona jinsi alivyoogopa. Alikuwa hamwoni mkewe amelala juu, alimwona anaanguka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Bwana, gari limesimama, mbebe mkeo." Au hata, "Nenda sasa hivi barabarani, mimi nakaa na shemeji." Muda nilikuwa nao, siku hiyo sikuwa na kiti hata kimoja cha kushona. Badala yake nikaleta mzaha wangu.

"Shemeji, huyu nadhani hata kitanda cha harusi alikikagua kwanza."

"Alikikagua," shemeji akajibu. "Alikikaza mpaka mguu mmoja ukapasuka. Tulilala chini mwezi mzima."

Tukacheka wote watatu. Alicheka mpaka akajishika tumbo, na Taratibu akamwinua mikononi, akamrudisha chumbani. Alimbeba kama mtu anayebeba nguo. Kumbe angeweza kumpandisha kwa ngazi ile bila hata kupumua kwa nguvu.

Alhamisi saa nne asubuhi shemeji alifariki, amelala upande wa ukuta. Tulimzika Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Taratibu anafunga hema kwa mikanda. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema, "Barabarani." Binti yake alisimama mlangoni akinikodolea macho yaliyovimba, akitaka nimzuie baba yake. Sikuwa na uso wa kumzuia mtu. Nikapanda naye.

Alichagua barabara mbovu, kama alivyowaagiza wateja wake. Aliingia kwenye kila shimo kwa mwendo uleule. Kilomita ya hamsini ilipotimia aliegesha pembeni, akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akapanda juu na tochi ingawa jua lilikuwa kali. Nikamsikia anahesabu. Moja. Mbili. Alikawia kwenye kila nati, akiipitishia kidole. Saba. Nane. Akaanza tena moja.

Alipoteremka mikono ilikuwa imejaa vumbi.

"Hakuna hata mstari mmoja uliokatika," akaniambia.

"Kazi yako ni nzuri," nikasema.

"Nati ziko kama nilivyoziacha Jumatatu. Zote nane." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jibu. "Jumanne lilikuwa tayari, bwana. Lilikuwa tayari, na mimi nikamkatalia."

Akakaa chini kando ya barabara akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na tatu. Magari yalipita, mengine yakapunguza mwendo kutuangalia. Nilikaa karibu yake, na sikumwambia kwamba Jumanne hata mimi nilijua lingembeba.