Picha ya Shangazi

Picha ile niliipiga mimi, nimefumba macho. Shangazi alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, na binti yake, muuguzi huko Nzega, alitaka auone. Simu yenye kamera nyumbani ni yangu tu. Shangazi akafungua kanga, mimi nikanyoosha mkono na kubonyeza. Kisha nikampa mgongo, nikamwelekeza namna ya kuituma na kuifuta.

"Usije ukamwambia mtu, baba."

"Simwambii, shangazi."

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kosa. Sisi wakulima wa Ntalikwa tulikuwa na kundi la simu, tukihoji kwa nini mashamba yetu yamepimwa bila sisi kuulizwa. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, lakini mwandishi wa kundi nilikuwa mimi. Ukaja ujumbe kutoka namba ngeni: orodha ya waliopimiwa, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Hakikufunguka kitu. Simu ikaanza kuchemka hata ikiwa haitumiki.

Baada ya picha ile nikaitwa ofisi moja ya serikali mjini. Afisa alikuwa anakula chapati. Nilipomwambia shikamoo aliitikia mdomo umejaa. Akanisomea maneno ya kundi letu, hata niliyoandika nikayafuta kabla ya kuyatuma.

"Unashangaa nini, dogo? Mtambo huu wa kuingia kwenye simu umenunuliwa ng'ambo. Ni wa kukamatia magaidi."

Akanigeuzia kompyuta. Nilichokataa kukitazama nyumbani kilikuwa kimejaa kioo kizima. Akajipangusa mafuta vidoleni.

"Mpe pole huyo mama. Wenzako wakiacha kelele, hii itabaki humu humu."

Nilitapika nje ya geti lao. Mpaka leo harufu ya chapati inanirudisha pale.

Nyumbani nilishindwa kumficha shangazi. Alikuwa anapepeta mchele, akasikiliza mpaka mwisho.

"Wameiona wangapi?"

"Sijui, shangazi."

Akaweka ungo chini. "Kaniitie hao wenzako. Ugonjwa wangu nitautaja mwenyewe, na mwanamume anayenichungulia nitamtaja. Watutishie kwa kitu kingine."

Wakaja, wakaketi uani. Akawaambia yote, kichwa juu, wanaume wazima wakitazama miguu yao. Kisha akanigeukia.

"Haya, baba. Andika hiyo barua ya mashamba."

Simu niliifungia ndani ya debe. Nikachukua daftari na kalamu, nikaandika, polepole, na wote wakanisubiri.